Stempu za Nchi Moja au za Tukio Moja: Ulinganisho kwa Mpenda Historia

Anayekusanya stempu za dunia nzima bila kujiwekea mpaka hujikuta, baada ya muda mfupi, ana sanduku lililofurika ambalo halimwelezi jambo lolote. Tangu Uingereza ilipotoa stempu ya kwanza ya kubandika mnamo Mei 1840, yenye kichwa cha Malkia Victoria na thamani ya peni moja, karibu kila serikali duniani imechapa za kwake, na nyingi bado zinachapa kila mwaka. Mpaka ni lazima uwepo, na kwa mtu anayevutwa na historia kuliko na rangi au bei, mipaka yenye maana ni miwili. Anaweza kuchagua nchi moja na kuifuata mwaka hadi mwaka, au anaweza kuchagua tukio moja la kihistoria na kulifuata kila lilikoonekana, nchi yoyote iwe.

Watu wengi huamua kwa kuangalia picha: nani amechorwa, meli gani, vita gani. Naona huo ni mwanzo hafifu wa kuamua, kwa sababu kila stempu ina historia mbili. Ipo ile iliyochorwa usoni mwake, ambayo mtawala au mchoraji alitaka tuione. Halafu ipo ile iliyoipata stempu yenyewe: fedha iliyotajwa juu yake, neno lililogongwa baadaye, muhuri wa posta, makosa ya mpiga chapa, na sababu iliyofanya ichapwe kwa haraka au iondolewe dirishani. Mkusanyiko wa tukio hukupa zaidi historia ya kwanza, na wa nchi hukupa zaidi ya pili. Tofauti nyingine zote nitakazozieleza, za gharama, za ugumu na za hatari ya kughushiwa, zinatokana na hiyo.

Njia ya nchi: mfano wa Zanzibar

Ninaichukua Zanzibar kwa sababu ni nchi ambayo mkusanyiko wake umefungwa. Ilitoa stempu zake kuanzia 1895 hadi 1967, na baada ya hapo stempu za Tanzania zikachukua nafasi. Mkusanyaji wake hana hofu ya kuamka na kukuta seti mpya zinauzwa, na hilo ni jambo kubwa kuliko anayeanza anavyodhani.

Kabla ya 1895 barua za Zanzibar zilipitia ofisi ya posta iliyoendeshwa na India ya Waingereza, ambayo ilifanya kazi kwa kudumu tangu 1875. Stempu zilikuwa za India, na kinachoonyesha kwamba zilitumika Unguja ni muhuri tu. Serikali ya Zanzibar ilipochukua huduma hiyo, stempu zake yenyewe zilikuwa hazijawa tayari, basi zile za India zikachapwa juu yake jina la Zanzibar kwa wino, hapohapo mjini, katika ofisi iliyochapa gazeti la serikali. Kazi hiyo ilifanywa kwa herufi chache na kwa haraka, na ukiishika lenzi ya kukuzia ukasoma moja moja, utakuta zilizoandikwa "Zanzidar", d imekaa mahali pa b, na nyingine ambazo herufi imeruka kabisa. Hakuna picha ya kihistoria kwenye stempu hizo. Usoni yumo Malkia Victoria wa India. Lakini hatua ya posta kutoka mkono wa Bombay kuja mkono wa Unguja inaonekana kwa macho, pamoja na kasoro zake.

Mwaka 1896 zikaja stempu zenye sura ya Sultani Hamed bin Thuwaini, ambaye alifariki tarehe 25 Agosti mwaka huohuo. Siku mbili baadaye manowari za Waingereza zililipiga mabomu jumba la kifalme katika vita vilivyokwisha kwa chini ya saa moja, na Hamoud bin Mohammed akakalishwa kwenye kiti. Sura yake inafuata kwenye stempu za 1899, kisha Ali bin Hamoud mwaka 1908, kisha Khalifa bin Harub kuanzia 1913, ambaye enzi yake ndefu inafika hadi 1960. Anayezipanga kwa mfuatano anapata orodha ya masultani bila kufungua kitabu.

Hata hivyo, kilicho bora zaidi kwenye mfuatano huo ni tarakimu. Mwanzoni thamani inatajwa kwa rupia na kwa ana, sarafu ndogo ya Kihindi. Mwaka 1908 ana zinatoweka na mahali pake zinakuja senti, mia moja kwa rupia. Kuanzia 1936 rupia nayo inaondoka na shilingi ya Afrika Mashariki inaingia. Mtu akizitazama stempu tatu tu, moja ya kila kipindi, anaona visiwa vilivyokuwa vikihesabu fedha kwa namna ya Bombay vikigeuzwa kuhesabu kwa namna ya Mombasa na Nairobi. Hakuna aliyechora mabadiliko hayo kwa kuadhimisha. Yamebaki kwenye kona ya stempu kwa sababu posta ililazimika kutaja bei.

Kisha yanakuja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Mwezi mmoja kabla, tarehe 10 Desemba 1963, Zanzibar ilikuwa imetoa stempu za uhuru chini ya Sultani Jamshid. Ndani ya siku chache baada ya Mapinduzi, neno JAMHURI liligongwa kwa muhuri wa mkono juu ya stempu za kisultani zilizokuwepo stoo, zikiwemo hizo za uhuru ambazo wino wake ulikuwa kama haujakauka. Baadaye kidogo zikafuata zilizochapwa kwa mashine neno hilo pamoja na mwaka 1964. Zile za mkono ndizo zinazonisimamisha. Neno limekaa mshazari, wino umezidi upande mmoja na kufifia upande wa pili, na kila moja ni tofauti na mwenzake. Serikali mpya haikuwa na muda wa kuagiza stempu ng'ambo, na barua zilikuwa lazima ziendelee. Sijui hati nyingine yoyote ya siku zile ambayo mtu wa kawaida anaweza kuimiliki kwa bei anayoimudu na ambayo inasema mengi kiasi hicho kwa neno moja.

Zipo nchi nyingine za ukanda wetu zinazofaa kwa njia hii. Afrika Mashariki ya Kijerumani ilianza mwaka 1893 kwa stempu za Ujerumani zilizochapwa juu yake thamani kwa "pesa", sarafu ndogo ya koloni hilo, kisha ikahamia heller, sarafu iliyochukua nafasi yake. Mwaka 1916, katikati ya vita, misheni ya Wuga katika milima ya Usambara ilichapa stempu za dharura ambazo hazikutumika. Zikafukiwa ardhini zisiangukie mikononi mwa Waingereza, na zikafukuliwa 1921. Tanganyika chini ya Waingereza ilianza 1922 kwa kichwa cha twiga badala ya kichwa cha mfalme, na mfalme akaingia 1927. Anayependa habari za ushirikiano atapata kazi nzuri kwenye stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye Tanzania, ambapo majina matatu yalibadilishana nafasi ya kwanza kutoka toleo moja hadi jingine ili pasiwe na nchi iliyotangulia daima. Stempu za michezo ya Olimpiki za Oktoba 1964 zina majina manne, Tanganyika na Zanzibar yakiwa mbalimbali, kwa kuwa jina Tanzania lilitangazwa mwishoni mwa mwezi huohuo.

Njia ya tukio: nchi nyingi, jambo moja

Njia ya pili inaanza na swali badala ya ramani. Nani alimkumbuka Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na lini? Umoja wa Kisovieti ulitoa stempu yake mwaka 1961, mwaka aliouawa, na Ghana ya Nkrumah ikatoa zake mwaka uliofuata katika kutimia mwaka mmoja wa kifo chake. Nchi nyingine kadhaa ziliungana nazo, na ukiziweka kwenye ukurasa mmoja unaona kambi za vita baridi zikijipanga. Kwenye ukurasa wa pili unaweza kuweka stempu za Kongo ya Wabelgiji zilizochapwa neno KATANGA juu yake mwaka 1960, jimbo hilo lilipojitenga. Hapo mkusanyiko unakuwa mabishano, kila nchi inasema lake, jambo ambalo stempu za nchi moja peke yake haziwezi kukupa.

Au mtu anachukua biashara ya utumwa na kukomeshwa kwake. Mwaka 2007 Uingereza ilitoa seti ya watu sita kwa kutimia miaka 200 ya sheria ya 1807 iliyopiga marufuku biashara hiyo, na kati yao, pamoja na Wilberforce na Clarkson, Waingereza walioipinga, wamo Olaudah Equiano na Ignatius Sancho, Waafrika wawili walioandika Kiingereza na kusomwa London. Uchaguzi huo wa sura unaeleza fikra za mwaka 2007 kama unavyoeleza mwaka 1807, na mkusanyaji makini ataandika hivyo chini ya stempu.

Matukio yaliyofaa sana kwa anayeanza ni yale ambayo nchi nyingi ziliyaadhimisha kwa wakati mmoja. Mwaka 1962 Shirika la Afya Duniani liliomba stempu za kuunga mkono kampeni yake ya kutokomeza malaria, na nchi zaidi ya 100 zikazitoa, nyingi zikiwa na nembo ileile ya mbu na fimbo iliyozungukwa na nyoka. Nyingi kati yake bado ni rahisi kupatikana, zinafanana vya kutosha kukaa pamoja, na zinatofautiana vya kutosha kuonyesha nani alichora mbu, nani alichora mtoto, na nani alichora mtu mwenye bomba la dawa. Kwa msomaji wa pwani ambaye malaria si habari ya kusoma tu, mkusanyiko huo una uzito wake.

Kuna pia matukio ambayo stempu yenyewe ilishiriki. Mwaka 1902 Baraza la Seneti la Marekani lilikuwa likiamua mfereji wa kuunganisha Atlantiki na Pasifiki uchimbwe Nicaragua au Panama. Philippe Bunau-Varilla, Mfaransa aliyeipigania Panama, alitafuta stempu za Nicaragua za mwaka 1900 zenye picha ya volkano ya Momotombo ikifuka moshi, akawapelekea maseneta kuwaonyesha kwamba nchi hiyo si salama kwa mfereji. Mei mwaka huo volkano ya Mont Pelée ilikuwa imeangamiza mji wa Saint-Pierre huko Martinique, na hofu ilikuwa bado mpya. Seneti ikaichagua Panama. Anayekusanya historia ya mfereji hawezi kuiacha stempu hiyo, na hapa historia iliyochorwa na historia iliyoipata stempu zinakutana kwenye karatasi moja.

Jambo hilo linanipeleka kwenye sharti ambalo ningemwekea kila anayechagua njia ya tukio: atenganishe stempu zilizotolewa wakati wa tukio na zile zilizotolewa miaka mingi baadaye kwa kumbukumbu. Stempu za Ujerumani za 1923, ambazo thamani yake ilipanda hadi mabilioni 50 ya mark, ni sehemu ya mfumuko wa bei wenyewe; mtu alizibandika kwenye barua na kesho yake hazikutosha. Stempu ya kumbukumbu iliyochapwa nusu karne baadaye ni maoni juu ya tukio. Zote zina nafasi, ila zikichanganywa bila kuelezwa, mkusanyiko hugeuka kuwa albamu ya picha.

Ugumu, fedha na hatari ya kughushiwa

Kwa upande wa kazi ya kutafuta, njia ya nchi ni nyepesi kuanza na nzito kumaliza. Katalogi kubwa, kama Stanley Gibbons ya Uingereza, Scott ya Marekani na Michel ya Ujerumani, zimepangwa kwa nchi, kwa hiyo orodha yako ipo tayari, na unajua kila siku umebakiza nini. Namba za katalogi moja hazilingani na za nyingine, basi chagua moja na ubaki nayo. Nzito inakuja mwishoni: Zanzibar ya 1908 ina thamani zinazofika rupia 200, kiasi ambacho hakuna barua ya kawaida iliyowahi kukihitaji, na stempu kama hizo si za mfuko wa mtu wa mshahara. Ningemshauri ajiwekee kikomo cha thamani tangu mwanzo, tuseme hadi rupia moja, na asione haya kwa nafasi tupu zilizobaki.

Njia ya tukio ina shida iliyo kinyume chake. Unaweza kuanza kwa fedha kidogo sana, lakini orodha lazima uitengeneze mwenyewe kwa kupekua nchi baada ya nchi, na mwisho haupo. Kwa stempu zilizotolewa tangu 2002 upo msaada: Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874, unaendesha mfumo wa namba wa stempu zilizotolewa kihalali na nchi zinazoshiriki, na stempu humo zinaweza kutafutwa kwa mada.

Msaada huo ulihitajika kwa sababu wakusanyaji wa mada ndio wanaowindwa zaidi na wachapaji wasio waaminifu. Stempu haramu, zenye jina la nchi ambayo posta yake haikuziagiza, huchapwa kwa mada zinazopendwa: treni, wanasoka, marais, safari za mwezini. Hata zilizotolewa kwa idhini zinaweza kuwa tupu kihistoria. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, emirati ndogo za Ghuba kama Ajman, Fujairah na Umm al-Quwain zilitoa, kupitia mawakala, matoleo mengi yasiyohusiana na maisha ya watu wao wachache, mengi yakiwa yamegongwa muhuri kiwandani kabla ya kuuzwa. Zinatambulika kwa urahisi: geuza stempu kwa kibano, na kama muhuri umekaa vizuri kwenye kona lakini gundi ya nyuma ni kamili, haijawahi kuguswa na maji wala bahasha, stempu hiyo haikusafirisha barua. Baadhi ya nchi za Afrika nazo zilitoa matoleo mengi kupitia mawakala katika miaka ya 1980 na 1990. Mtoto anaweza kuyafurahia. Mpenda historia ayapite.

Katika njia ya nchi hatari ni ya namna nyingine, na inauma zaidi kwa sababu fedha ni nyingi zaidi. Palipo na neno lililochapwa juu ya stempu, pana anayeweza kulichapa upya. JAMHURI ya muhuri wa mkono, jina la Zanzibar la 1895, na maandishi G.R. MAFIA ya baada ya Waingereza kukitwaa kisiwa cha Mafia mwaka 1915, yote yameghushiwa. Vivyo hivyo stempu za Uganda za 1895, ambazo mmisionari Ernest Millar alizipiga kwa taipureta huko Mengo na thamani yake ikatajwa kwa simbi, yaani kauri zilizotumika kama fedha. Stempu ya aina hiyo isinunuliwe kwa bei kubwa bila cheti cha wataalamu, kama kile cha Royal Philatelic Society ya London, na muuzaji anayekataa kusubiri cheti aachwe na bidhaa yake.

Utunzaji ni uleule kwa njia zote mbili, nami sitakaa hapo kwa muda mrefu. Kwa wakaao Mombasa, Tanga, Unguja au Muscat adui ni unyevu: gundi hulainika na stempu hushikana na ukurasa, kisha madoa ya kahawia hutokea na hayaondoki. Albamu isimame wima, isilazwe chini ya nyingine, iwe mbali na ukuta wa nje, na karatasi za plastiki ziwe za aina isiyo na PVC.

Nani achague ipi

Mwalimu, au mzazi anayetaka kufundisha watoto kwa stempu, achague tukio. Malaria 1962 au uhuru wa nchi za Afrika utampa kurasa za kuonyesha ndani ya miezi michache, kwa gharama ndogo, na kila stempu itazaa swali. Vilevile anayeishi mbali na wauzaji na kutegemea kubadilishana na marafiki wa nchi nyingine atafaulu zaidi kwa njia hii, maana kila bahasha inayotoka popote inaweza kuwa na kitu chake.

Mwenye subira, anayependa kuchunguza kitu kidogo kwa lenzi kwa saa nzima, na anayetaka siku moja aseme kazi hii imekamilika, achague nchi, na achague iliyokwisha kutoa stempu: Zanzibar, Tanganyika, Katanga, au Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mimi niko upande huu. Stempu ya kumbukumbu hunieleza mtu aliyeketi ofisini aliamua nikumbuke nini, lakini JAMHURI iliyogongwa mshazari hainishawishi lolote. Ni posta ikifanya kazi yake katika juma ambalo kila kitu kilikuwa kimepinduka.

Anayeshindwa kabisa kuamua ana njia ya kati ambayo ni ya kweli, si ya kukwepa. Achukue jambo dogo linalokatiza nchi mbili au tatu na lenye mwaka wake. Mwaka 1944 nasaba ya Al Busaid, ya masultani wa Zanzibar na wa Muscat, ilitimiza miaka 200. Zanzibar ilitoa seti yenye jahazi na ramani inayoonyesha Zanzibar na Muscat. Muscat, iliyokuwa bado ikitumia stempu za India, ilizichapa juu yake kwa Kiarabu jina la nasaba na mwaka wa Hijria, 1363. Familia moja, maadhimisho mamoja, na bandari mbili zilizokuwa zimeachana kisiasa tangu karne iliyotangulia: moja ina uwezo wa kuagiza picha yake, nyingine inaandika jina lake juu ya uso wa mfalme wa Uingereza. Seti hizo mbili zinajaza ukurasa mmoja wa albamu. Anayetaka kuongeza atafute bahasha zilizosafiri kati ya bandari hizo mbili mwaka huo, na akizipata asizitie majini kubandua stempu, kwa kuwa muhuri wa kuondoka na muhuri wa kufika ni sehemu ya anachokitafuta.